Wanamuziki wa Uingereza na Mashine ya Santuri

Mwezi Machi mwaka 2023 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza kwamba litaivunja kwaya yake iitwayo BBC Singers, kwaya ambayo ilikuwa ikiimba katika redio hiyo tangu mwaka 1924. Papo hapo shirika likaeleza kuwa litapunguza kwa asilimia 20 nafasi za kudumu katika okestra zake za England. Kabla mwezi huo haujamalizika, uamuzi wa kuivunja kwaya ulikuwa umesimamishwa.

Waliostaajabu kuona shirika kubwa namna ile likirudi nyuma kwa haraka pengine hawakuwa wakikijua Chama cha Wanamuziki wa Uingereza. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa waliosimama kupinga, wala hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kukabiliana na wakuu wa BBC. Ni chama chenye umri wa zaidi ya miaka 130 na wanachama zaidi ya 30,000. Katika maisha yake kimeshindana na wenye kumbi, wenye majumba ya sinema, wenye viwanda vya santuri, na hata wanamuziki wenzao wa Marekani. Lakini swali lililokisumbua kuliko mengine yote linaihusu kila nchi yenye redio. Sauti ya mpiga muziki ikiisha kutiwa katika sahani ya santuri, na sahani hiyo ikaweza kupigwa mara elfu bila mwenyewe kuwapo, je, anabakiwa na haki gani juu ya kazi ile?

Chama kilizaliwa mwaka 1893 mjini Manchester, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa England. Mwanzilishi wake, Joseph Bevir Williams, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, mpiga klarineti katika okestra ya jumba la michezo ya kuigiza. Aliwapelekea wapiga muziki wenzake wa mji ule waraka wa kuwaita mkutanoni, na kutokana na mkutano huo kikaundwa chama cha wapiga muziki chenye matawi katika miji mbalimbali. Williams akawa katibu mkuu wake kwa zaidi ya miaka thelathini. Shida alizoziona zilikuwa za kawaida kwa kibarua yeyote wa siku zile. Mpiga muziki alifanya mazoezi ya mchezo mpya bila malipo. Jumba likifungwa, ujira nao ulikatika. Na kiongozi wa okestra aliweza kumwondoa leo na kumweka mwingine kesho bila kuulizwa.

Lakini si wapiga muziki wote waliopenda kuitwa wafanyakazi. Huko London, wapigaji wa okestra kubwa waliunda umoja wao wenyewe, kwa maana walijihesabu kuwa ni wasanii, tena waungwana, ambao haiwafai kusimama safu moja na wachimba makaa na wafuma nguo. Williams hakuukubali msimamo huo. Kwake yeye, mtu anayeuza nguvu zake jioni kwa malipo ni mfanyakazi, awe ameshika koleo au zumari. Mabishano hayo yaliwadhoofisha wote wawili kwa muda wa kizazi kizima, nao waajiri walifurahi kuwa na milango miwili ya kubisha. Ilipofika mwaka 1921 ndipo vyama hivyo vikaungana na kuchukua jina moja la Chama cha Wanamuziki.

Adui wa kwanza hakuwa mashine. Alikuwa ni askari. Bendi za jeshi na za polisi, ambazo wapigaji wake walilishwa, walivikwa na kulipwa mshahara na serikali, zilikodishwa katika bustani, maonyesho na karamu kwa bei ambayo raia asiye na mshahara mwingine hakuweza kuifikia. Miaka nenda, miaka rudi, chama kiliandika malalamiko kuhusu jambo hilo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuliona jambo hilo kwa jicho tofauti kidogo, kwa kuwa bendi kadhaa zilizopendwa sana huku zilikuwa za polisi, za jeshi au za mashirika ya umma, na huko Tanzania chama cha wafanyakazi NUTA kilikuwa na bendi yake chenyewe, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964. Mpigaji wa bendi ya namna hiyo alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Yule wa Manchester mwaka 1893 hakuwa na kitu isipokuwa ujira wa wiki ile.

Nguvu ya chama ilionekana wazi kwa mara ya kwanza mwezi Januari mwaka 1907, katika mgomo wa kumbi za burudani za London. Wenye kumbi walikuwa wameongeza idadi ya maonyesho kwa juma bila kuongeza malipo. Waimbaji na wachekeshaji, wapiga muziki na mafundi wa jukwaani waligoma pamoja, kila kundi na chama chake. Mwimbaji Marie Lloyd, ambaye umaarufu wake ulimwezesha kujipangia malipo yake mwenyewe bila msaada wa mtu, alisimama nje ya kumbi pamoja na wagomaji kwa ajili ya wale wadogo wasioweza kujisemea. Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi George Askwith, naye katika uamuzi wake wa mwezi Juni aliweka kiwango cha chini cha ujira na masharti ya kazi. Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba mpiga muziki si mfanyakazi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuja neema ambayo wengi waliiona kuwa haina mwisho. Sinema za siku hizo zilikuwa bubu, nazo zilihitaji muziki. Jumba dogo lilikuwa na mpiga piano mmoja, na majumba makubwa ya mijini yalikuwa na okestra kamili iliyoketi chini ya pazia. Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya wapiga muziki wa Uingereza walipata riziki yao katika giza la majumba ya sinema, na wanachama wakafikia zaidi ya 20,000. Kisha mwaka 1928 sinema zenye sauti zikaingia London. Katika muda wa miaka michache tu majumba karibu yote yaliweka vipaza sauti, na okestra zikaambiwa ziende nyumbani. Idadi ya wanachama ikashuka hata chini ya nusu. Watu waliotumia ujana wao kujifunza fidla walionekana wakipiga muziki barabarani kuomba senti. Chama kilijaribu kuwaeleza watazamaji kwamba muziki wa mashine hauna uhai, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kata tikiti.

Hapana budi kulitazama pigo hilo kwa makini, kwa sababu ndilo lililokifundisha chama siasa yake ya miaka sitini iliyofuata. Wakuu wake walitambua kwamba kuitukana mashine hakuleti mkate. Ilikuwa lazima kumshika mwenye mashine, yaani kutafuta mahali katika sheria ambapo mpiga muziki anaweza kusimama na kusema hapana.

Mahali penyewe palifunguliwa na kesi ambayo chama hakikuifungua. Mkahawa mmoja wa mjini Bristol ulikuwa ukiwapigia wateja wake santuri walipokuwa wakinywa chai. Mwaka 1933 kampuni ya santuri iliushtaki, na mahakama ikaamua kwamba mwenye kuitengeneza santuri ndiye mwenye haki ya kuruhusu ipigwe hadharani. Mara moja, mwaka 1934, makampuni ya EMI na Decca yakaunda kampuni ya pamoja ya kukusanya malipo kutoka kwa mikahawa, kumbi na redio. Kwa hiyo haki ilipatikana, lakini ilikuwa haki ya kiwanda. Mtu aliyepuliza tarumbeta ndani ya santuri ile hakutajwa.

Hata hivyo, viwanda vilikuwa na udhaifu mmoja: haviwezi kutengeneza santuri bila wapigaji. Chama kikaitumia nafasi hiyo. Katika mapatano ya mwaka 1946 makampuni yalikubali kwamba sehemu ya mapato ya kupigwa kwa santuri hadharani itolewe kwa chama, na kwamba redio isiruhusiwe kupiga santuri kupita saa zilizowekwa. Saa hizo zikajulikana kwa jina la saa za sindano, kutokana na sindano ya gramafoni. Zikiisha saa za sindano, BBC ilikuwa haina budi kuwaita wapiga muziki studioni na kuwalipa, la sivyo ikae kimya.

Jambo hilo linaweza kuwashangaza vijana waliozaliwa katika zama za nyimbo zinazomiminika mchana na usiku. Lakini ni kweli kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini redio iliyosikika duniani kote ilipimiwa santuri kama mtu anavyopimiwa sukari dukani wakati wa uhaba. Mwaka 1964 wafanyabiashara waliweka mitambo katika meli zilizotia nanga nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza, Radio Caroline ikiwa ya kwanza kati yake, wakapiga santuri kutwa bila kumlipa mtu. Vijana wakazifuata meli hizo kwa mamilioni. Serikali ilizipiga marufuku kwa sheria mwezi Agosti mwaka 1967, na mwezi wa Septemba BBC ikaanzisha Radio 1 kuchukua nafasi yake. Hata Radio 1 yenyewe ilifungwa na saa za sindano, ikalazimika kushirikiana vipindi na Radio 2 na kuleta bendi za kuiga nyimbo zilizokuwa zikivuma. Msikilizaji aliyekuwa akisubiri wimbo aupendao alipewa mwigo wake, na mara nyingine ulikuwa mwigo hafifu. Chuki ya vijana dhidi ya chama ilianzia hapo, na haikuwa bila sababu.

Lakini kuna upande wa pili. Kwa kuwa santuri hazikutosha, vikundi vichanga viliitwa studioni kupiga nyimbo zao upya kwa ajili ya redio. The Beatles, kati ya mwaka 1962 na 1965, walipiga nyimbo mara 275 katika vipindi vya BBC. Kanda hizo zilizotokana na amri ya chama cha wafanyakazi zimekuja kuwa hazina. Redio za biashara zilipoanza Uingereza mwaka 1973, nazo zilipewa saa tisa za sindano kwa siku, na kutakiwa zitenge asilimia tatu ya mapato yao kwa ajili ya wapiga muziki walio hai. Ni nchi chache zilizowahi kuweka sharti la namna hiyo.

Ukali huo huo chama kiliuonyesha pia mlangoni mwa nchi, na hapo hesabu yake ni ngumu zaidi kuitetea. Louis Armstrong alipiga Uingereza mwaka 1932, na Duke Ellington mwaka 1933. Baadaye, kwa kuwa chama cha Marekani hakikutaka bendi za Kiingereza ziingie kwao, chama cha Uingereza kiliishauri serikali izinyime vibali bendi za Marekani, na tangu mwaka 1935 serikali ikafanya hivyo. Kwa miaka ishirini Waingereza waliupata muziki wa jazi wa Marekani zaidi kwa njia ya santuri, ile ile santuri ambayo chama kiliilaani! Mwaka 1949 Sidney Bechet alipiga London bila kibali, na waliomleta wakafikishwa mahakamani na kutozwa faini. Mwaka 1956 ndipo vyama viwili vilipopatana kubadilishana bendi, bendi moja iingie na nyingine itoke, na Armstrong akarudi. Kumkinga mwanachama na bei ya chini ni kazi ya chama. Kumkinga na Louis Armstrong ni jambo lingine, kwani wapigaji wa jazi wa Kiingereza ndio waliokuwa na haja kubwa kuliko wote ya kumsikia.

Pamoja na hayo, lipo tendo ambalo Waafrika wana sababu ya kulikumbuka. Katika mji wa Wolverhampton ulikuwako ukumbi wa dansi uitwao Scala, ambao ulikataa kuwaingiza watu weusi. Weusi waliweza kupiga muziki jukwaani, lakini hawakuruhusiwa kucheza sakafuni. Mwaka 1958 chama kiliwaamuru wanachama wake wasipige katika ukumbi huo. Wenye ukumbi walikwenda mahakamani kutaka amri hiyo izuiwe, wakidai kwamba ubaguzi wao si shauri la chama cha wafanyakazi. Chama kikajibu kwamba kina wanachama wa rangi zote, na kwamba hakiwezi kulinda maslahi yao huku kikikubali watengwe na watazamaji wa rangi yao. Mahakama ya Rufaa ikakipa ushindi. Ikumbukwe kwamba wakati huo Uingereza haikuwa na sheria yoyote dhidi ya ubaguzi wa rangi. Sheria ya kwanza ilikuja mwaka 1965.

Kutoka Wolverhampton hadi Johannesburg haikuwa safari ndefu kwa mtu mwenye msimamo. Chama kilianza kwa kuwakataza wanachama wake wasipige Afrika Kusini mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikakataza kabisa safari za huko. Umoja wa Mataifa ulitoa wito wa kususia uhusiano wa utamaduni na utawala wa makaburu mwezi Desemba mwaka 1968, kwa hiyo wapiga muziki hao waliwatangulia wanadiplomasia kwa miaka kadhaa. Amri haikutiiwa na wote. Mwaka 1984 kikundi cha Queen kilikwenda kupiga Sun City, katika eneo ambalo makaburu waliliita nchi huru ya Bophuthatswana, na kiliporudi kikatozwa faini na chama. Kwa watu wenye utajiri wa Queen faini ilikuwa kitu kidogo, lakini aibu ilikuwa kubwa.

Turudi katika suala la santuri, kwa maana nalo halikukaa ndani ya mipaka ya Uingereza. Mwaka 1948 vyama vya nchi mbalimbali viliunda Shirikisho la Kimataifa la Wanamuziki, na chama cha Uingereza kilikuwa mmoja wa nguzo zake. Matakwa yao yalisaidia kupatikana kwa Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaowatambua wapigaji, watengenezaji wa santuri na vituo vya redio kuwa ni watu wenye haki zao. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1964, na kati ya nchi sita za kwanza zilizojiunga, mbili zilikuwa za Afrika: Kongo ya Brazzaville na Niger. Marekani, yenye viwanda vikubwa vya muziki kuliko nchi yoyote, haijajiunga hata sasa, na redio zake za kawaida hazimlipi mpigaji wala mwimbaji chochote kwa kuipiga santuri yake hewani.

Pambano kubwa la mwisho la mtindo wa zamani lilitokea mwaka 1980. BBC, ikisema haina fedha, ilitaka kuvunja okestra tano. Wapigaji waligoma tangu tarehe 1 Juni. Tamasha la muziki la majira ya joto mjini London, ambalo BBC hulionea fahari kubwa, halikufunguliwa siku yake, na ukumbi wa Royal Albert Hall ukakaa mtupu hadi mwezi Agosti. Mapatano yalipofikiwa, okestra kubwa ya Scotland ilikuwa imeokolewa, lakini nyingine hazikupona. Ushindi wa nusu ni ushindi, watasema wenye chama. Waliopoteza kazi walikuwa na neno lao tofauti.

Wakati huo huo mashine ilikuwa imekwisha badili sura. Mwaka 1982 tawi moja la London lilipitisha azimio la kutaka vinanda vya umeme vinavyoiga sauti ya okestra vipigwe marufuku. Makao makuu hayakulifuata, lakini magazeti yalilicheka kwa miaka mingi. Kicheko hicho kiliharibu zaidi kuliko azimio lenyewe, kwa kuwa kilimfanya kila mtu aone kwamba chama ni cha wazee wanaoogopa umeme.

Kisha saa za sindano zikafika mwisho. Vituo vya biashara vilikuwa vimelalamika, na mwaka 1988 tume ya serikali inayochunguza biashara za ukiritimba ilitoa taarifa iliyoukataa utaratibu mzima. Tume iligusa pia jeraha ambalo chama kilikuwa kikilificha. Kwa miaka arobaini fedha za santuri zilizokuwa haki ya wapigaji wasiotajwa majina zililipwa kwa chama, nacho kilizitumia kwa ajili ya kuendeleza muziki wa papo hapo: kusaidia matamasha, okestra na kampeni. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mtu aliyepiga ngoma katika santuri iliyouzwa dunia nzima hakuziona fedha hizo mkononi mwake. Aliambiwa zimetumika kwa faida ya wote. Chama kilichoundwa kumwondoa mpiga muziki katika hali ya kusemewa na mwajiri kilikuwa sasa kinamsemea chenyewe, na wanachama wengi hawakuwa hata na habari kwamba fedha hizo zipo. Tume ikataka mpigaji alipwe mwenyewe.

Haki hiyo iliingizwa katika sheria za Uingereza mwaka 1996. Tangu hapo santuri ikipigwa redioni au hadharani, mpigaji ana fungu lake kwa jina lake, hata kama alilipwa ujira wa siku moja tu alipoingia studio. Ilikuwa imechukua miaka 63 tangu kesi ya mkahawa wa Bristol.

Lakini sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya redio. Leo wasikilizaji wengi huchagua nyimbo katika intaneti, mmoja mmoja, na sheria ya Uingereza inahesabu kwamba hiyo si redio. Fungu lile la mpigaji halifiki huko. Mwaka 2021 kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza biashara hiyo na kusema kwamba mgawanyo wake wa mapato unahitaji kutengenezwa upya, na kwamba wapigaji wapewe haki kama ile ya redio. Chama kimelishika pendekezo hilo na kulifanyia kampeni, na makampuni makubwa ya santuri yanalipinga. Kwa hiyo wimbo mmoja, uliopigwa na mtu yule yule kwa fidla ile ile, ukisikika redioni humletea mpigaji malipo, na ukisikika katika simu ya msikilizaji kwa njia ya intaneti, mara nyingi haumletei kitu zaidi ya ule ujira aliolipwa siku alipotoka studio.